Mtoto wako kapangwa mdakaji kwenye besiboli? Tulia, hiyo ndo njia ya kwenda kuwa meneja

Miaka miwili iliyopita kocha wa timu ya watoto hapa tunapoishi, Texas, alimvua mwanangu kofia akamvisha maski ya chuma, ngao ya kifua na shingadi mpaka juu ya magoti, akamwambia chuchumaa hapo nyuma. Mi nimesimama pembeni na chai yangu ya thermos, nikaumia kweli. Nyie mnajua kwetu mambo yalivyo, sisi tuliokulia Temeke ukiona mtoto anawekwa golini ujue mpira hajui, au kibonge, au kachelewa kufika, na mwenye mpira ndo anapanga namba. Nikajua basi, mwanangu kapewa gol. Nikapiga picha nikamtumia bibi yake Tanga, hata dakika mbili hazijaisha simu inaita, "Mbona mmemvisha kama mrina asali?"

Sasa tangu siku ile nimeifuatilia hii namba kama mtu anayefuatilia kesi ya kiwanja, nimeangalia mechi hadi saa nane za usiku nikitoka shift, nimewasumbua wazee wa kizungu kwenye mabenchi ya uwanjani, na nilichokuta ni kinyume kabisa na nilivyodhani. Pale nyuma ndo darasa la umeneja. Kwaiyo haya maelezo ni ya mzazi mwenzangu ambaye mtoto wake kapangwa pale na yeye hajui aanzie wapi, au kijana mwenyewe anayejiuliza hii kitu inaishia wapi.

Kwanza maneno tuelewane. Yule anayerusha mpira namuita mrushaji, maana nikisema kama wanavyosema wazungu itasomeka picha na tutachanganyana. Anayechuchumaa kupokea ni mdakaji, wengine mtaani wanasema kacha, sawa tu. Anayeshika rungu ni mpigaji. Besi ni vile vituo anavyokimbilia mpigaji akishapiga, ya kwanza, ya pili, ya tatu, alafu anarudi nyumbani pale mdakaji alipo, hiyo ndo pointi. Meneja kwenye besiboli sio yule wa kukaa ofisini na mikataba, ndo kocha mkuu mwenyewe, na anavaa jezi kama wachezaji hata kama ana miaka 70 na kitambi, mara ya kwanza nilicheka.

Haya. Hatua ya kwanza ni kuelewa mtoto amekaa wapi. Wale wengine nane wa timu yake wote wanaangalia upande wake, yeye peke yake ndo anaangalia nje, anawaona wote nane kwa mpigo, anaona nani kasogea, nani amelala, mkimbiaji wa besi ya kwanza anainua kisigino gani. Alafu ndo anayependekeza mpira gani urushwe, zamani kwa vidole katikati ya mapaja, ila tangu 2022 kwenye ligi kuu ya kule kuna kimashine chenye vitufe anabonyeza mrushaji anasikia kwenye kofia. Na muda hana, tangu 2023 kuna saa, kama besi ziko tupu mrushaji ana sekunde 15 awe ameshaanza kurusha. Umbali ni mita 18 na kidogo, mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa unafika kabla hujamaliza kusema "huo". Kila mrusho ni uamuzi, na kwa mechi moja timu inarusha zaidi ya mara 100, fanya hesabu mwenyewe mtoto anaamua mara ngapi wakati yule wa kule pembeni anaangalia ndege.

Mfano mwingine mdogo ila mi naupenda. Kuanzia msimu wa 2026 wamekubali mtu apinge maamuzi ya refa kuhusu straiki na boli, yani mrusho umepita eneo halali la kupiga au haujapita, ili mashine iangalie. Wanaoruhusiwa ni watatu tu, mpigaji, mrushaji na mdakaji, unagonga kofia yako basi. Meneja haruhusiwi, hata kupiga kelele kutoka benchi kukusaidia haruhusiwi. Timu inaanza na nafasi mbili, ukikosea unapoteza. Yani mdakaji anaachiwa uamuzi ambao bosi wake mwenyewe hana.

Ndo maana ukiangalia waliokaa kwenye kiti cha meneja utawakuta wadakaji wamejaa. Joe Torre aliyeipa Yankees ya New York ubingwa 1996, 1998, 1999 na 2000 alianza kama mdakaji. Joe Girardi wa 2009, mdakaji. Mike Scioscia aliyekaa na Angels kuanzia 2000 hadi 2018 na kuchukua World Series, ile fainali ya ligi kuu, 2002, mdakaji. Ned Yost wa Kansas City 2015, mdakaji. Na babu yao wote Connie Mack, mdakaji wa karne ya 19, aliifundisha timu moja, Athletics ya Philadelphia, kuanzia 1901 hadi 1950, miaka 50, tena yeye hakuvaa jezi, alikuwa anakaa benchi na suti na tai.

Lakini mtu wa kumsoma ni mmoja, Bruce Bochy. Huyu ndo aliyeipa Rangers yetu ya hapa Texas ubingwa wa kwanza kwenye historia yake, 1 Novemba 2023, na mi siku ile niliacha ugali jikoni ukaungua. Nitamtumia yeye kama ramani maana njia yake iko wazi, na inaanza pabaya.

Hatua ya pili ndo ngumu kwa sisi wazazi. Usilazimishe mtoto awe staa. Bochy hakuwa staa hata siku moja. Alizaliwa Ufaransa 1955 kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani yuko kambini kule, wakahama hama kama familia za askari wanavyohama. Akachukuliwa na Houston 1975, akafika ligi kuu 1978, akapita Mets, akaishia San Diego mpaka 1987. Miaka 9 ya ligi kuu, na mechi zote alizocheza ni 358. Msimu mmoja tu una mechi 162! Yani ukizibana zote pamoja huyu bwana kacheza misimu miwili na robo, miaka mingine yote iliyobaki kakaa. Alikuwa mdakaji wa akiba, kuna mwenzie Terry Kennedy ndo anaanza kila siku na yeye anasubiri Kennedy achoke. Wastani wake wa kupiga .239, yani anafanikiwa kama mara 24 kwa kila 100, homrani, ule mpigo unaovuka uzio, 26 maisha yake yote. Wanamkumbuka kwa kichwa kikubwa, kofia yake ni namba 8 na moja ya nane, inasimuliwa wenzie walikuwa wanajaza barafu kwenye helmeti yake wanapozea bia.

Sasa jiulize alikuwa anafanya nini hiyo miaka 9 pale benchi. Alikuwa anaangalia. Mdakaji wa akiba ni mtu wa ajabu, hachezi lakini ndo anaenda kule bulpeni, pale warushaji wa akiba wanapopasha, anadaka mpira wa huyu na wa yule, anajua mkono wa nani leo umechoka kabla meneja hajajua, anajua nani kagombana na mke wake. Akirudi benchi anakaa karibu na makocha, anasikia wanavyobishana. Staa hana muda huo, staa akikaa anawaza mpigo wake unaofuata. Mi nadhani, na hili ni langu, ndo maana mastaa wengi wakipewa timu wanashindwa, wanashangaa kwanini wachezaji hawawezi kufanya kitu ambacho wao walikuwa wanafanya bila kufikiria. Yule aliyehangaika ndo anajua maneno ya kumwambia anayehangaika.

Stephen Vogt ndo ushahidi wangu. Huyu alipofika ligi kuu 2012 alipiga mara 25 msimu ule hakupata hata mpigo mmoja. Sifuri. Akauzwa Oakland, 2013 akaendelea kukosa mpaka ikafika 32 bila kitu, alafu wa kwanza kuupata ukawa homrani. Leo ndo meneja wa Cleveland, kachukua tuzo ya meneja bora wa American League, moja ya zile ligi mbili zinazounda ligi kuu, 2024, na 2025 akaichukua tena. Kijana akikosa mara nne mfululizo anaogopa kurudi nyumbani, meneja wake alikosa 32, unadhani atamsikiliza nani.

Tuje kwenye ufundi sasa, maana nimesema ni maelezo ya kufanya na nimeshapiga stori.

Vifaa usinunue vipya. Mtoto anakua, shingadi za mwaka huu mwakani zinamfika katikati ya goti, na mitumba ya vifaa vya mdakaji iko mingi maana watoto wengi wanaikimbia hii namba baada ya msimu mmoja. Kitu pekee ambacho nakwambia usibane hela ni kofia na maski, ikiwa imewahi kupasuka au sponji ya ndani imekauka achana nayo. Na kile kikinga cha sehemu nyeti, jamani, usione aibu kuuliza dukani. Mi niliona aibu. Mtoto akalipa ile aibu yangu mechi ya pili, sitasema zaidi.

Glavu ya mdakaji ni tofauti, nene na ya duara kama andazi kubwa, ikiwa mpya ni ngumu kama ubao haifungi. Weka mpira katikati, funga na kamba, lala nayo chini ya godoro wiki mbili, alafu mrushie mtoto mipira taratibu kila jioni. Mkono mwingine, ule wa kurushia, ufichwe nyuma ya kisigino au nyuma ya shingadi. Hii kitu narudia, UFICHWE, mpira ukigusa kidogo rungu unabadilisha njia unakuja kwenye vidole, utakuta wadakaji wazee vidole vyao vimepinda kama tangawizi.

Alafu kuna kitu kilinishangaza, mpira ukija chini unadunda mdakaji hatakiwi kuudaka. Akili ya kawaida inakwambia daka. Hapana, anatakiwa aanguke kwa magoti, glavu izibe tundu la katikati ya miguu, mabega yaingie ndani, kidevu kishuke, mpira umgonge kifuani udondoke mbele yake hapo hapo. Yani kazi ni kuwa ukuta. Tulifanya hivi kwenye parking ya apatimenti na mipira ya tenisi, mikono kaifunga nyuma na kitambaa, mi narusha yeye anazuia kwa kifua tu, wiki ya kwanza alikuwa anageuza uso kila mpira. Kugeuza uso ndo ugonjwa wenyewe, maana maski inakinga mbele, ukigeuza unaleta shingo na sikio. Sikumkemea, nilimwambia asome namba niliyoandika kwenye mpira kwa maka peni, 3, 7, 9, aitaje kwa sauti kabla haujamgonga. Ikachukua kama siku kumi hivi, siku ya kumi na moja kataja 7 na mpira ukamgonga katikati ya kifua akacheka.

Magoti wazazi wengi mnauliza. Siku hizi wadakaji wengi wanaweka goti moja chini badala ya kuchuchumaa muda wote kama zamani, mfundishe hivyo tangu mapema, na asidake kila siku, apewe namba nyingine siku moja moja. Bochy mwenyewe alipokuwa meneja ungemuona anatoka benchi kwenda kwa mrushaji anatembea anachechemea polepole kama mzee anayekwenda kisimani, hayo ndo malipo ya miaka ya kuchuchumaa.

Kurusha besi ya pili ni mita karibu 39 na wakubwa wanatumia kama sekunde 2 kuanzia mpira unagonga glavu mpaka unafika. Usianze na hiyo. Anza na miguu, mpira hauendi mbali kwa mkono unaenda kwa miguu, hapo nimemaliza.

Kinachonifurahisha zaidi ni lugha. Mdakaji lazima aongee na kila mrushaji na warushaji wengi wanatoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Kuba, Japani. Anayetaka kufika mbali ajifunze Kihispania, sio cha kuombea maji, cha kumtuliza mtu mwenye hasira. Hapa watoto wetu wana bahati bana, mtoto aliyekulia nyumba ya Kiswahili na shule ya Kiingereza lugha ya tatu haimtishi, wangu ameshaokota maneno kwa wenzie mengine sio ya kusema mbele ya mama yake. Na safari za kwenda kwa mrushaji zimewekewa kikomo, ligi kuu ni 4 kwa mechi ya raundi 9, kwaiyo ukienda pale uwe na neno, usiende kupunga upepo.

Hatua ya nne, au ya tano, nimeshapoteza hesabu, ni kukubali kushuka. Hapa ndo wengi wanaachia. Bochy ligi kuu ilipomalizana naye, 1988 alirudi ligi za chini Las Vegas, alafu 1989 akapewa timu ya vijana ya Spokane, kule Washington jimbo sio mji mkuu, daraja la chini, safari za basi usiku kucha, na akachukua ubingwa wa ligi ile. Akapandishwa Riverside, akaenda High Desert 1991 bingwa, Wichita 1992 bingwa. Mabasi, hoteli za barabarani, vijana wa miaka 19 wanalia wanataka kurudi kwao. 1993 San Diego wakamrudisha juu kama kocha wa besi ya tatu, yule anayesimama pembeni anapunga mkono mkimbiaji aende au asimame, 1995 wakampa timu. Kutoka mechi yake ya mwisho ya ligi kuu kama mchezaji mpaka kiti cha umeneja wa ligi kuu ni miaka kama 8. Vogt yeye alikata njia, alistaafu 2022, mwaka mmoja tu akawa kocha wa bulpeni Seattle, Novemba 2023 akaajiriwa na Cleveland. Njia zote mbili zipo lakini mi ningemshauri mwanangu ya basi. Ukifundisha watoto wasiojua kitu unalazimika kujua wewe unajua nini.

Ukishapata kiti sasa, jiandae kupoteza, na hapa Bochy ana namba za kuchekesha. San Diego miaka 12 alishinda 951 akapoteza 975. San Francisco, 2007 hadi 2019, alishinda 1,052 akapoteza 1,054. Mnaona? Kote kapoteza kuliko alivyoshinda! Na hapo hapo San Francisco kachukua World Series tatu, 2010, 2012 na 2014. Mechi 162 za msimu ni kilimo, mvua ikikosa inakosa, lakini Oktoba ikifika huyu mzee alikuwa anabadilika kama samaki aliyerudishwa baharini.

Angalia mechi ya 7 ya World Series ya 2014, ile ya kuamua bingwa, kama unaweza kuipata, iangalie mara mbili. Kansas City nyumbani kwao, meneja wao Ned Yost, na huku Bochy, wadakaji wawili wa zamani wanaangaliana. Bochy anaongoza 3 kwa 2 na kwenye raundi ya 5 anamuingiza Madison Bumgarner, mrushaji wake mkubwa, aliyerusha mechi nzima siku tatu nyuma. Watu wote wanajua atarusha raundi mbili atatolewa. Akarusha ya 5, ya 6, ya 7, Bochy kakaa. Ya 8, kakaa. Ya 9, watu wawili wameshatolewa, wa tatu akitoka mechi imeisha, Alex Gordon anapiga, wachezaji wa nje wanauchemsha mpira, Gordon anafika besi ya tatu, akifika nyumbani mechi sare. Meneja mwingine hapo angekuwa ameshatoka mbio. Bochy hakutoka. Anayefuata kupiga ni Salvador Perez, mdakaji naye, akaupaisha mpira pembeni, Pablo Sandoval akaudaka akaanguka nao chini. Mdakaji anapiga, mdakaji Buster Posey anapokea, wadakaji wawili kwenye mabenchi. Na kumuacha mtu aendelee ni uamuzi, haionekani kwenye takwimu popote, ila mtu aliyedaka mipira maisha yake yote anasoma mkono wa mrushaji kama sisi tunavyosoma uso wa mwenye nyumba tarehe moja.

Nisiwadanganye lakini, mlango haujafunguliwa sawa kwa wote, na mzazi mweusi hili lazima alijue. Biz Mackey alikuwa mdakaji wa Negro Leagues, ligi za weusi enzi wanabaguliwa, akawa mchezaji na meneja, ndo aliyemfundisha kazi Roy Campanella tangu akiwa kijana wa miaka 15, na 1946 akaipa Newark Eagles ubingwa wa ligi hizo. Ligi kuu hakuna aliyempigia simu. Elston Howard, mchezaji wa kwanza mweusi wa Yankees, mdakaji, 1969 akawa kocha wa kwanza mweusi kwenye American League nzima. Akakaa ukocha pale miaka, mameneja wanakuja wanaondoka, timu hakupewa, akafariki 1980. Meneja wa kwanza mweusi wa ligi kuu alikuja 1975, Frank Robinson, na hakuwa mdakaji.

Hata ukiupata mlango unaweza kufungiwa ukiwa ndani. Yogi Berra, pete 10 za ubingwa kama mchezaji, hakuna mwenye nyingi kumzidi, 1964 wakampa Yankees akaifikisha mechi ya 7 ya World Series akafungwa na St. Louis. Wakamfukuza. Na waliyemleta badala yake ni Johnny Keane, yule yule meneja wa St. Louis aliyemfunga! Sisi watu wa Simba na Yanga hizi tunazijua ila hii kiboko.

Na kama umeneja haukuja kuna njia nyingine pembeni. Bob Uecker, mdakaji wa wastani wa .200, aligeuza ubovu wake kuwa vichekesho akatangaza mechi za Milwaukee kuanzia 1971 hadi 2024. Posey niliyemtaja hapo juu kapita juu kwa juu, tangu 2024 ndo mkubwa wa shughuli zote za besiboli San Francisco, yeye sasa ndo anaajiri mameneja.

Walioko nyumbani msiseme haya ni ya huku tu. Dar kuna uwanja wa besiboli pale Azania sekondari, umejengwa kwa msaada wa Wajapani, na mashindano ya shule yanaitwa Koshien kama yale ya kwao. Uganda wako mbele yetu, watoto wa Lugazi walifika Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Marekani 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. Na kuna Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda, video zake za mazoezi labda mmeziona, anachuchumaa na matairi, 2023 akafika kucheza Frederick, Maryland, kwenye ligi ya vijana wanaotafuta drafti, yani kuchaguliwa na timu za ligi kuu. Huyo vifaa alivyoanzia navyo ni vile ambavyo mafundi gereji wanatupa.

Sasa la mwisho nililofanya mimi, na lilinitoka kwa makosa. Msimu huu uliopita kocha alimuweka mwanangu benchi mechi tatu mfululizo, kuna mtoto mwingine mrefu kaja kachukua namba. Mechi ya tatu damu ikanichemka, nikafunga thermos nikaanza kuzunguka uzio niende nikaongee na huyo kocha kiutu uzima. Mtoto akaniona. Akaja mpaka kwenye waya, mkononi ana daftari lake la hesabu, kalikunja, na lile jina la mrushaji wa timu pinzani kaliandika juu kwa herufi kubwa. Chini kachora mistari. "Baba usije," akasema kwa sauti ya chini. "Kila akitaka kurusha ule wa polepole anaramba vidole kwanza. Nimeshamwambia kocha." Akarudi kukaa.

Nikarudi kwenye kiti changu. Raundi iliyofuata yule mrushaji akaramba vidole, na benchi letu lote likageuka kumuangalia mwanangu.